Sura Iliyotanuliwa

Jioni moja hapa Buyenzi, Bujumbura, niliwaonyesha wanafunzi wangu filamu ya kutiwa saini Mkataba wa Arusha, tarehe 28 Agosti 2000. Mmoja akauliza, «Mwalimu, kumbe Mandela alikuwa mnene?»

La, hakuwa hivyo. Picha za enzi ile zina uwiano wa 4:3. Runinga yangu, yenye 16:9, ilikuwa imezitanua kwa theluthi nzima ili kioo kijae. Nikashika rimoti, nikafungua menyu ya picha, nikachagua 4:3. Milia miwili myeusi ikatokea kandoni, na mzee akarudia umbo lake.

Wako wanaopenda kuikuza picha. Hapo juu na chini hukatwa, na majina ya wasemaji, yaandikwayo chini, huweza kupotea.

Vijana waliunung'unikia weusi ule. Niliuacha.