Wadogo zangu mnaotaka kuwa manekini, msiuze ngozi yenu

Kwenye kipindi chetu cha vijana hapa Goma, swali moja linarudi kila juma: “Dada, nifanye nini ili niwe manekini?” Linatoka Ndosho, linatoka Majengo, linatoka pia kwa wasichana ambao familia zao zilikimbia vita huko Masisi na Rutshuru. Mara nyingi linafuatwa na lingine: “Nipake mafuta gani ili niwe mweupe?”

Hilo la pili linaniumiza. Msichana mmoja wa miaka 19 alinieleza kwamba mpiga picha alimkataa, akamwambia ni mweusi mno. Akaenda sokoni, akauziwa mchanganyiko ndani ya kikopo kisicho na jina. Majuma ya kwanza uso uling'aa. Kisha ukaanza kuwasha, ukajaa vipele, na chini ya macho pakawa peusi kuliko mwanzo. Leo hatoki nje bila kujifunika kitambaa.

Katika mafuta ya namna hiyo mara nyingi mna hidrokinoni, zebaki au klobetasoli. Hidrokinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha madoa meusi yasiyotoka. Klobetasoli ni dawa ya magonjwa ya ngozi. Ukijipaka kila siku bila daktari, ngozi inakuwa nyembamba na vidonda vinachelewa kupona. Zebaki inaharibu figo, na kwa mama mwenye mimba inamfikia mtoto tumboni. Jirani zetu wa Rwanda wamepiga marufuku mafuta ya hidrokinoni na zebaki, na mwaka 2019 polisi walipita madukani wakiyakusanya.

Ngozi ya manekini haihitaji vitu vingi. Asubuhi na jioni nawa uso kwa maji safi na sabuni laini, si ile ya kufulia nguo. Vumbi la mji wetu ni la mawe ya volkano, kwa hiyo usisugue kwa nguvu. Walio na shida ya maji, kikombe kimoja na kitambaa safi vinatosha uso. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka vaselini kidogo. Mwenye chunusi achague mafuta mepesi, na asizitumbue. Goma iko juu, karibu mita 1,500, na jua lake linachoma hata penye mawingu: vaa kofia au beba mwamvuli. Ukijipodoa, osha uso kabla ya kulala. Usiazime brashi wala wembe wa mwenzako.

Na wewe ambaye umeshazoea klobetasoli, usiache ghafla. Peleka tyubu yenyewe kituo cha afya, wakuongoze kuipunguza polepole.

Mkumbuke Alek Wek. Alikimbia vita vya Sudani, akafika London mwaka 1991 akiwa mkimbizi. Mwaka 1995 alionekana sokoni, akaitwa kwenye kazi ya umanekini. Adut Akech naye ameishi utotoni katika kambi ya Kakuma, Kenya. Wote wawili ni weusi sana, na walipanda jukwaani na rangi hiyohiyo waliyozaliwa nayo.

Kwa hiyo mtu akikuambia ubadilishe rangi ndipo akupe kazi, mwache aende. Kazi inaweza kuja kesho, lakini ngozi iliyoungua hainunuliwi sokoni.