Unga Unaolala

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa mkate wa haraka. Katika kiwanda kimoja cha Lubumbashi nilisimamia mashine ya kukandia: unga, maji, chumvi, sukari, hamira nyingi na poda ya kuupa unga nguvu, halafu mashine inazungusha mpaka donge linapata joto. Saa chache baadaye mikate iko kwenye mabeseni ya akina mama, laini, imevimba, inauzwa barabarani. Siidharau. Jiji linaamka mapema na linataka mkate wa bei ndogo. Tena haraka hiyo ina wataalamu wake: mwaka 1961, huko Chorleywood, Uingereza, watafiti walionyesha kuwa ukikanda kwa nguvu nyingi unaweza kuruka saa nyingi za kungoja unga uumuke.

Nilipohamia Lukafu, chini ya milima ya Kundelungu, mkate ule ukaanza kunishinda. Mjini unaliwa asubuhi ileile. Huku mtu anaununua kwa sababu ana safari: anakwenda kulala shambani, anapanda mlimani, au anasukuma baiskeli kuelekea mto Luapula kutafuta samaki. Kesho yake ukiuvunja unapukutika. Majira ya mvua, keshokutwa umeota kuvu.

Aliyenifungua macho ni padri mmoja mzaliwa wa Puglia, kusini mwa Italia. Kwao kuna mji wa Altamura, na mkate wake ulikuwa chakula cha wachungaji waliokaa malishoni wiki nzima au zaidi. Wanawake walikanda nyumbani, wakapeleka madonge kwenye tanuri la wote, na mwokaji akapiga kila mkate muhuri wenye herufi za jina la baba wa nyumba ili mikate isichanganyike. Tangu 2003 jina la mkate huo linalindwa na sheria ya Ulaya: ngano ngumu ya eneo hilo, chachu ya asili, ganda lisilopungua milimita 3. (McDonald's walifungua mgahawa mjini humo mwaka 2001. Mwaka uliofuata wakafunga, wateja wakabaki kwa waokaji wao.)

Chachu aliyonionyesha ni unga na maji tu, vimeachwa kwenye chungu mpaka vichachuke vyenyewe, kisha unavilisha unga mpya kila siku. Sikushangaa sana. Bibi yangu hakuwahi kuosha mpaka ndani kibuyu chake cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi kinachochachushwa. Masalio ya juzi ndiyo yaliyochachusha ya leo. Sasa nakanda jioni kwa mikono, unga unalala usiku kucha, na asubuhi una harufu ya uchachu mwepesi. Uchachu huo ndio unaochelewesha kuvu.

Tanuri nimelijenga kwa udongo wa kichuguu, na kwetu Katanga vichuguu havijawahi kukosekana. Nawasha kuni ndani yake, nafagia makaa, kisha natupa unga kidogo sakafuni. Ukiungua papo hapo, nangoja. Ukigeuka kahawia polepole, naingiza mikate na kuziba mlango kwa bati na kitambaa kibichi.

Wateja wa kwanza walinuna. Mama mmoja aliupima mkononi akasema: “Papa, mukate yako iko nzito, tena iko kidogo. Batoto batashiba?” Alikuwa amezoea kununua kwa macho, na mkate wa kiwandani umejaa hewa. Sikubishana naye, nikamkatia kipande. Waliobadilisha mambo ni watu wa samaki, waliorudi kutoka Luapula wakaniambia kipande cha mwisho walikila njiani, na bado kilikuwa kinatafunika.

Siuiti mkate wa Altamura. Ngano yangu inatoka nchi za mbali, inafika Lubumbashi, kisha inapanda lori. Barabara ikiharibika, naukosa unga kama anavyoukosa mwenye kiwanda. Na kuni nazo ni miombo ileile inayokatwa kila siku kwa ajili ya makaa ya mjini. Kwa hiyo siwashi kila siku: naoka mingi kwa moto mmoja, kwa kuwa mkate wenyewe unaweza kungoja.

Nyumbani kwangu, watoto bado wanapenda ule unaokuja na lori, hasa kwa chai yenye sukari nyingi. Ukifika, nawanunulia.