Waya Uliomo Ukutani

Kazi ya antena nilijifunza Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa fundi wa redio aliyekuwa na chumba chake karibu na soko la Darajani. Televisheni ilipoingia Unguja mwaka 1973, ya rangi tangu mwanzo, yeye alikuwa tayari fundi kamili, na fahari ile haikumtoka mpaka uzeeni. Bara ilisubiri hadi 1994 kupata vituo vyake. Kwa hiyo ziko nyumba za mji wetu ambazo waya wa antena umo ndani ya kuta zake tangu wakati ambao bara yote haina kituo hata kimoja, na waya ule ndio ulionipatia riziki: kuutoa na kuweka mwingine mahali pake.

Ukikata waya huo kwa wembe unaona tabaka zake. Katikati pana uzi wa shaba, umezungukwa na plastiki nyeupe. Juu ya plastiki pana wavu wa nyuzi nyembamba, ambao katika waya wa siku hizi huwekewa karatasi ya alumini chini yake, na mwisho ni ganda la nje. Mawimbi yanasafiri humo kwenye plastiki, baina ya uzi na wavu, na upana wa nafasi ile ndio unaoupa waya ukinzani wake wa omu 75. Ndiyo maana waya ambao haukukatika popote unaweza kuwa umekufa. Msumari ukiubana nafasi inapungua, na sehemu ya mawimbi inarudi ilikotoka. Zama za analojia ungeona kila mtangazaji ana kivuli chake pembeni.

Adui wa kwanza kisiwani ni maji ya chumvi. Yanaingia juu ya paa, pale waya unapofungwa kwenye dishi bila kuzibwa, kisha yanateremka ndani ya wavu kama mafuta yanavyopanda utambi, kimyakimya, ghorofa kwa ghorofa. Nimevua ganda zima, lisilo hata mchubuko, nikakuta ndani unga wa kijani. Kuta zetu nazo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuushika. Ganda jeupe lililoachwa juani linapasuka, na maji yanapata mlango wa pili. Mimi juu ya paa siweki isipokuwa jeusi.

Kabla ya kugusa ukuta napima. Naachanisha ncha zote mbili na kuweka mita baina ya uzi na wavu: waya mzima hauonyeshi kitu. Mita ikisoma chochote, maji yamo. Kisha naungisha uzi na wavu upande mmoja, napima upande wa pili, na hapo nataka omu chache tu. Mamia ya omu yana maana kuwa wavu umekwisha liwa njiani. Vipimo hivi ni vya dakika chache, na vimewaokoa watu wengi na gharama ya kununua dishi jipya wasilolihitaji.

Kwa miaka mingi watu walivumilia. Picha ilikuwa na chenga, lakini ilikuwapo. Miaka ya tisini familia zenye jamaa Maskati zilipandisha madishi makubwa ya wavu ili kutazama Oman, na mafundi wengi waliyaunganisha kwenye waya uleule wa zamani, ule mwembamba wa RG-59. Antena ya kawaida ilikuwa ikiishi nao. Dishi ni habari nyingine: kichwa chake kinateremsha mawimbi kwa masafa ya MHz 950 hadi 2150, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo waya unavyoyala zaidi. Mita 30 za RG-59, hata zikiwa mpya, zinameza zaidi ya robo tatu ya nguvu iliyoingia juu. Kila kigawanyio kilichopigiliwa njiani ili chumba cha pili nacho kione kinachukua nusu ya kilichobaki.

Halafu Dar es Salaam wakazima mitambo ya analojia, 31 Desemba 2012, na zamu yetu ikafuata. Dijitali haina chenga. Picha ni safi kabisa, na mawimbi yakidhoofu kidogo tu kupita mpaka wake, inavunjika vipandevipande na kutoweka. Nyumba zilizokuwa zikitazama taarifa ya habari kwa picha ya ukungu zikabaki na kioo cheusi. Watu walilaumu ving'amuzi, wakabadilisha kimoja kwa kingine. Niliumia kuona mjane anakopa kununua king'amuzi cha pili, na ugonjwa uko ukutani.

Nyumba ninayoikumbuka kuliko zote iko Kiponda, ghorofa tatu, mwenyewe bibi wa makamo ya mama yangu. Nilipotua mkoba tu akaniambia, "Mwanangu, ukuta huu babu yangu kaujenga. Usinitobolee." Nikamjibu, "Sitatoboa, bibi." Nilikuwa na sababu zangu pia. Mji huu uko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, lakini kabla ya sheria yoyote kuna jiwe lenyewe: ukilichokonoa kwa drili ya kugonga, chokaa ya zamani inaporomoka nyuma ya plasta na hujui itakoma wapi.

Waya wake ulishuka kutoka darini ndani ya bomba la chuma lililoachwa na nyaya za umeme za zamani, ukatokea ghorofa ya kwanza, ukazikwa kwenye plasta hadi ukumbini. Kijana wangu alikaa juu, mimi chini. Aliutikisa, nikaona ncha yangu inacheza. Basi njia ilikuwa wazi. Watu wengi hufunga waya mpya moja kwa moja kwenye wa zamani na kuvuta. Kwa waya uliooza ni hatari, kwani ukikatika katikati ya bomba umepoteza njia. Sisi tulivuta kwanza kamba nyembamba ya nailoni, fundo limezungushiwa tepu mpaka likawa jembamba kama ncha ya penseli, na maji ya sabuni ndani ya bomba. Kamba ilipofika ndipo tukavuta waya mpya, wa RG-6, taratibu, yeye akiusukuma huku mimi nauvuta, bila kuukunja. Sehemu ya kwenye plasta haikutoka. Tuliiacha humohumo ikiwa maiti, tukapitisha mpya juu ya boriti, kwenye kivuli cha dari, ambako jicho halifiki. Kwenye ule wa zamani uliotoka mlikuwa na kiungo kilichosokotwa kwa mkono, shaba kwa shaba, kimefungwa tepu ya kitambaa.

Kuununua waya huo mpya dukani nilikuwa nimekwenda mwenyewe, na kisumaku mfukoni. Waya mwingi wa bei nafuu una uzi wa chuma uliopakwa shaba. Kwa antena si neno, kwa kuwa mkondo wa masafa ya juu hupita kwenye ngozi ya uzi, na ngozi ni shaba. Kwenye dishi, waya huohuo unapandisha umeme kulisha kichwa, volti 13 kwa vituo vya wima na 18 kwa vya mlalo, na umeme huo hupita uzi mzima. Waya ukiwa mrefu, volti 18 zinafika juu zimechoka, kichwa kinadhani ni 13, na nusu ya vituo havionekani. Sumaku ikishika, narudisha mzigo.

Bibi aliwasha jioni ile ile na kuita wajukuu. Nje, pale waya unapoingia ndani, tulikuwa tumeuacha uning'inie kidogo chini ya tundu ili maji ya masika yadondoke hapo yasifuate njia ya ndani. Jirani aliliona tanzi lile akauliza ni la nini, na sasa tuko kwake. Kwake hakuna bomba. Tumekubaliana kuinua mbao za sakafu ya chumba cha nyuma kaskazi ikitulia, kabla mvua hazijaanza.