Chai Moto na Heshima Yake

Ukiingia nyumba yoyote kati ya Litein na Mogogosiek, kabla hujaulizwa shida iliyokuleta utapewa kikombe cha chai. Itakuwa imepikwa pamoja na maziwa, itakuwa na sukari ya kutosha, na itakuwa moto hadi mvuke ukupige usoni. Ukikiweka kikombe mezani ukasubiri, mwenye nyumba ataanza kuingiwa na wasiwasi: je, maziwa yameshika moshi? Sukari haikutosha? Kwetu chai iliyopoa ni ya mtoto au ya mgonjwa. Mgeni anayeheshimiwa hunyweshwa ikiwa moto, na huimaliza upesi ili aongezwe.

Nimelelewa katika desturi hiyo na ninaipenda. Ndiyo maana ninataka kuizungumzia bila kuidharau, kwa sababu nimeona watu wengi wakizungumzia afya ya watu wa Kericho na Bomet, hapa Kenya, kana kwamba mazoea yetu yametokana na ujinga tu.

Ugonjwa wa koo tunaujua bila kusoma kitabu. Mtu huanza kulalamika kwamba ugali unamkwama. Atateremsha kila tonge kwa maji. Baadaye ataacha ugali, ale viazi vilivyopondwa, kisha anywe uji, na siku itafika hata uji haupiti. Madaktari huuita saratani ya umio. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari karibu na mji wa Bomet mwaka 1937, imewapokea wagonjwa hawa kwa miongo mingi. Mwaka 2002 madaktari wake waliandika katika jarida la The Lancet kwamba huku Bomet ugonjwa huu huwapata hata vijana, jambo ambalo ni nadra sana katika nchi nyingi. Wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, na msaada unaobaki ni kuwekewa mrija mdogo wa kuutanua umio ili angalau mtu ameze tena chakula cha watu wake. Ugonjwa wenyewe haujatuchagua sisi peke yetu. Umeenea kama ukanda upande wa mashariki wa Afrika, kuanzia Ethiopia mpaka Afrika Kusini.

Hakuna chanzo kimoja kinachoweza kubebeshwa lawama yote. Tumbaku imo, pombe imo, moshi wa kuni unashukiwa, na lishe isiyo na matunda na mboga za kutosha pia. Lakini mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba kunywa kinywaji chochote kilichozidi nyuzi 65 za Selsiasi huenda kunasababisha saratani ya umio. Si chai yenyewe, ni ule moto wake. Mji wa Kericho uko mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka yakifika karibu nyuzi 93. Kutoka 93 hadi 65 kuna safari, na sisi hatuisubiri. Majirani zetu wa Kilimanjaro walipopimwa vikombe vyao na watafiti, ilionekana kwamba huanza kunywa chai ikiwa na wastani wa nyuzi zaidi ya 70.

Utafiti ulionigusa zaidi ulitoka mbali, mkoa wa Golestan kaskazini mwa Iran, watu wengine wapenda chai kama sisi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009. Waliokunywa chai kabla ya dakika mbili kupita tangu imiminwe walikuwa katika hatari kubwa zaidi, zaidi ya mara tano, kuliko waliosubiri dakika nne au zaidi. Tofauti ya dakika mbili! Nimewazika watu ambao ningetoa mengi ili nikae nao dakika mbili tu zaidi.

Mbona basi dakika hizo ni ghali namna hii? Jibu la kwanza liko shambani. Mchumaji wa chai huingia kwenye mistari asubuhi ukungu ukiwa haujaondoka, nailoni imefungwa kiunoni kwa sababu ya umande, kikapu mgongoni. Huchuma majani mawili na kichipukizi chake, mkono huu na huu, na hulipwa kwa kilo. Alasiri ya Kericho haina ahadi. Mvua ya mawe ikishuka siku imekwisha. Kwa hiyo chai ya saa nne hunywewa wima, kutoka kwenye chupa iliyofungwa ili isipoe, na kila dakika ya kusubiri ni majani ambayo hayajaingia kikapuni. Mwili uliozoea kunywa hivyo kwa miaka ishirini hautabadilika kwa sababu ya bango lililobandikwa ukutani mwa zahanati.

Jibu la pili liko sebuleni, na kwangu hilo ndilo zito. Chai moto ni tamko la mapenzi. Mama anapokumiminia inayotokota anakwambia kwamba amewasha moto kwa ajili yako, hakukupa mabaki. Nikitazama mazoea yetu mengi yanayotudhuru naona jambo hilohilo: kila moja limefunika kitu chema ndani yake. Sukari nyingi ni ukarimu wa watu waliowahi kuikosa. Jiko la mafiga matatu linaumiza macho na mapafu, lakini ndipo mahali ambapo wake wa nyumba moja huketi pamoja jioni na kuambiana yale ambayo hayasemwi mbele ya wanaume. Nimewahi kumsikia nyanya mmoja aliyejengewa jiko jipya lenye dohani akisema kwamba sasa macho yamepona ila mazungumzo yamekufa, kwa kuwa jiko hilo halina nafasi ya vigoda vitatu.

Na mursik je? Maziwa yaliyolala kwenye kibuyu cha sotet, kikiwa kimesuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, ni fahari yetu mbele ya dunia. Wanariadha wanaporudi na medali hupokewa kwa mursik pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho, alipoipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964, alilibeba jina la watu waliokunywa mursik tangu utotoni. Watafiti wameyapima maziwa hayo na kukuta ndani yake asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani. Nilikuwepo katika mkutano mmoja wa akina mama ambapo kijana wa afya alisimama na kusema, bila salamu ndefu, kwamba mursik iachwe. Akina mama walinyamaza. Hawakubishana naye, na hakuna aliyeacha. Kijana yule aliondoka akiamini hawakuelewa. Walimwelewa vizuri: amewaambia kwamba bibi zao walikuwa wakiwapa sumu. Nani atalikubali hilo mchana kweupe? Angeanza kwa kuuliza nani hukisafisha kibuyu chake vipi, maziwa hukaa siku ngapi, watoto hupewa kiasi gani, wangezungumza naye mpaka jioni.

Nyumbani kwetu mabadiliko hayakuletwa na hotuba. Baada ya mazishi ya ndugu yake, mama alianza kumimina chai kabla ya maombi badala ya baada yake. Sisi ni watu wa Africa Gospel Church, na mama akiomba huwataja wagonjwa, wanafunzi, wasafiri, mifugo, na viongozi wa kaunti, hana haraka. Mjomba alipomuuliza, "Dada, mbona chai inapoa bure?" alimjibu, "Tumimine kwanza, halafu tumshukuru Mungu ikiwa tayari mbele yetu." Amina inaposemwa, kikombe kinashikika kwa kiganja. Mgeni hajanyimwa heshima, ameongezewa. Kama kuna sehemu ya afya ya umma iliyonifundisha kitu, ni ile meza ya mama. Hakuing'oa desturi. Alikitafutia kile chema kilichokuwa ndani yake mahali pengine pa kukaa.

Afya haiishii kwenye kikombe. Kuhusu mazoezi nitasema kidogo tu. Mchumaji hahitaji kuambiwa akimbie. Mgongo wake unahitaji kunyooshwa na kupumzishwa, na mwajiri mwenye huruma atalijua hilo. Wanaohitaji kutembea ni sisi wa dukani na wa darasani, tunaopanda bodaboda hata kwa mteremko ambao baba zetu waliushuka huku wakipiga mluzi.

Lakini siwezi kupita haraka juu ya afya ya akili, kwa sababu hapo tumeumia kimyakimya. Kijana wetu wa Kipsigis akitoka jandoni amekwisha kufundishwa kustahimili maumivu bila kupepesa jicho. Ni fundisho kubwa na limewatoa wengi katika dhiki. Tatizo huja fundisho hilo linapopelekwa kwenye deni. Wakulima wadogo wa viwanda vya chai vilivyo chini ya shirika la KTDA hupata malipo ya mwezi, kisha husubiri bonasi, ambayo kwa kawaida hulipwa Oktoba. Karo, mkopo wa sako, mahari ya kijana, mabati ya nyumba, vyote huandikwa juu ya Oktoba. Na bonasi ya magharibi mwa Bonde la Ufa mara nyingi imekuwa chini ya ile ya mashariki. Ikitangazwa ndogo, mwanamume hurudi nyumbani akiwa ameshakopa dhidi yake. Hatasema. Atalala akitazama mabati hadi alfajiri. Wapo wanaokimbilia chang'aa, na wapo vijana wanaokesha na simu wakiwekea dau mechi za Ulaya, wakitumaini kuifidia bonasi kwa usiku mmoja. Ukimuuliza mmoja wao, "Chamgei?" atakujibu kwamba kuzuri sana, kwa sababu salamu ina jibu moja tu.

Na kwa wale waliokata tamaa kabisa, hata sheria ilitusaidia kunyamaza. Hadi Januari 2025, aliyejaribu kujitoa uhai nchini Kenya alihesabiwa mhalifu chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ndipo Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Familia zilikuwa zikificha jambo hilo si kwa aibu tu, bali pia kwa kuwaogopa polisi. Sasa hofu hiyo moja imeondolewa, nasi tuna deni la kuyafungua mazungumzo.

Mahali pa kuyafungulia hatuhitaji kupajenga. Tuna kokwet, baraza la ujirani linaloamua mipaka, mifugo iliyoharibu mahindi na ugomvi wa ndoa. Wazee wetu walijua kwamba jambo la mtu mmoja ni la mtaa mzima. Ila hawakuweka kukosa usingizi katika orodha ya mambo hayo, na hakuna kinachotuzuia kuliweka jambo hilo. Tuna pia kituo cha majani. Wakulima hufika na magunia yao alasiri, hukaa chini ya paa la mabati wakisubiri lori la kiwanda, na lori likikwama kwenye tope husubiri mpaka giza. Nimetafuta sana mahali pengine ambapo wanaume wa kwetu huketi saa nyingi bila pombe na bila shughuli. Hakuna.

Katika kituo kimoja karibu nasi, muuguzi aliyestaafu alianza kuja na mashine yake ya kupima presha. Aliiweka juu ya kiti cha plastiki kando ya mizani ya karani, hakuhutubia mtu. Mwanzoni walikuja akina mama. Halafu wazee, wakisema wanataka tu kujua namba zao. Alasiri moja mwanamume wa makamo, mwenye shamba zuri na watoto chuoni, alikunja mkono wa shati, akapimwa, akaambiwa presha imepanda kidogo. Hakuinuka. Alisema, "Na mtu akikosa usingizi tangu Oktoba, mama, hiyo nayo unapima?" Muuguzi alimvutia gunia tupu alikalie, akamwuliza Oktoba kulitokea nini. Lori lilipofika, jirani zake waliyabeba majani yake hadi kwenye mizani, karani akaandika kilo zake, na wale wawili wakaendelea kuzungumza.