Binti wa Kijiweni

Ukiniuliza Arusha kahawa nzuri inanywewa wapi, sitaanza na Barabara ya Boma. Nitakushika mkono nikupeleke Kilombero, pembeni ya soko, pale shangazi yangu anapouza mitumba. Hatua kumi tu kutoka kwenye meza yetu pana mabenchi mawili, ubao wa drafti, na mzee mmoja wa Kondoa mwenye birika refu linalokaa juu ya mkaa kutwa nzima. Kikombe shilingi 200. Sukari hakuna, ukitaka utamu tafuna kashata. Tangawizi yake ikikushuka kooni unajua kweli kumekucha.

Sasa kijiwe, kama unavyojua, ni neno lenye sifa mbaya. Mzazi akisema mwanawe anashinda kijiweni, ujue kazi hana, na pengine bangi haiko mbali. Na mimi ni msichana. Nimemaliza kidato cha nne miaka minne iliyopita, alama hazikunipeleka popote, na wateja wa shangazi wakipungua mimi huyo, nimekaa na wazee, kaunta buku mapajani. Habari zikapanda mlima hadi kwetu Nkoaranga. Baba hakupiga simu. Alikuja mwenyewe.

Lakini kabla sijafika huko niseme nilichokuwa nakitafuta pale. Nataka kuandika riwaya. Mwanzoni wahusika wangu wote walizungumza kama wanasoma taarifa ya habari. Kijiweni ndiko nilikosikia kwamba mtu mwenye deni hazungumzii deni, anazungumzia mvua. Huko huko mzee mmoja alitusimulia habari za mwaka 1951, Wameru walipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi, na watu walivyochangishana hela hadi Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea. Tarehe nilikuwa nazijua. Nisichokijua ni kwamba mama yake huyo mzee, aliyemkimbiza akiwa mgongoni, aliacha chungu cha maharage motoni, na akawa anakiulizia chungu chake mpaka anakufa. Chungu hicho nimekiandika siku ile ile. Nani angenipa darasani?

Sisemi migahawa ya mjini haifai. Nimekwenda, siku nilizokuwa na hela. Unashuka kutoka Mnara wa Saa, unaingia, mashine inapuliza mvuke, watalii wanasubiri magari ya mbugani, kiti kina mto. Kahawa ni nzuri kweli, laini, haina ule uchungu wa kuungua. Mmoja wa migahawa hiyo, jina niliache, niliulizwa mara tatu ndani ya saa moja, "Dada, utaagiza kingine?" Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 5,000! Nikainuka kwa aibu, na pale mlangoni nikaona rafuni pakiti zimepangwa, zimechorwa mlima. Mlima wetu! Meru, na lile bega lake lililobomoka. Nikaangalia bei ya robo kilo, nikaiangalia tena.

Maana kwetu kahawa hainywewi. Tunakunywa chai ya maziwa. Kahawa ni ada ya shule, ni bati, ni mazishi. Unachuma nyekundu tupu chini ya migomba, unamenya kwa mashine ya mkono, unachachusha, unaosha, unaanika kichanjani na kuilinda mvua kama mtoto, halafu inapelekwa chama cha msingi na huioni tena. Chulebuni ikiingia, tunda linakuwa jeusi kabla halijaiva na mwaka wako umekwisha. Majirani wengi wameng'oa mibuni wakapanda nyanya, kwani nyanya inalipa ndani ya miezi michache. Baba alikuwa amebakiwa na mibuni kama 80 hivi, na alishaniambia mwaka huu na yeye anang'oa. Mibuni hiyo ndiyo iliyonisomesha hadi kwenye zile alama zangu.

Basi, akaja siku ya Jumatano, kavaa koti la kanisani. Shangazi akaanza kukunja nguo ambazo zilikwisha kukunjwa. Mimi nilikuwa benchini, nikashindwa hata kusimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ndiyo hapa?"

Mzee wa birika akawahi, "Karibu, mzee mwenzangu," akamimina. Mtu hakatai kikombe cha ugenini. Baba akanywa funda moja, akanusa, akanywa tena.

"Hii ni ya kuokota," akasema. "Imeanguka chini ya mti, ikaanikwa na udongo wake. Mmeikaanga sana ili kuficha."

Benchi zima kimya. Kisha wakacheka, wakamsogelea, wakamtaka aeleze, na baba yangu, ambaye nyumbani huongea kwa kuhesabu maneno, alizungumza karibu saa nzima: namna ya kuijua kahawa kwa kuibonyeza na ukucha, mwaka waliolipwa wakajenga, mwaka waliokopwa wakangoja. Kikombe cha tatu kilimwisha mkononi akiongea. Alipogeuka, akaniona.

"Unaandika nini?"

"Unayosema, baba."

Akanyamaza. Nikasubiri.

"Basi andika kwamba ya kuokota haifai."

Nilimsindikiza hadi kwenye daladala ya Tengeru. Kuhusu riwaya hakuuliza, wala mimi sikuuliza kuhusu mibuni. Wiki iliyofuata kondakta akaniletea mfuko wa rambo, ndani kahawa ya maganda, kama kilo mbili, na ujumbe wa mdomo: "Ya yule mzee wa birika." Tukaitwanga, tukapepeta, yeye akaikaanga taratibu kwenye kikaango huku wenzake wakimsimamia kama waamuzi wa drafti. Iliisha kabla ya adhuhuri.

Kama bado ipo mingine mtini, sijapanda kwenda kuangalia.