Cheti cha Tabia Njema

Barua pepe ilinikuta kwa saiba hapa Karagita, nikimwandikia mteja makala kuhusu vitanda vya mbwa. Nilikuwa nimepita mahojiano. Kampuni iko Nairobi, kazi ni ya kuandika, na mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi. Niliisoma mara tatu. Mara ya tatu ndipo nilipoiona vizuri aya ya mwisho: kabla ya mkataba, tutakagua historia yako.

Walitaka cheti cha tabia njema kutoka DCI, kibali cha HELB, ripoti ya CRB, vyeti vya masomo na majina ya watu watatu wanaonijua. Siwezi kusema walinionea. Sheria ya ajira ilirekebishwa 2022 ili mwajiri asikudai vibali hivi kabla hajakusudia kukupa mkataba. Hawa walikuwa wamekusudia.

Nilianza na rahisi. Nililipa Sh1,050 kwa eCitizen, nikachapisha fomu, nikapanda matatu hadi Huduma Centre ya Nakuru. Afisa alinishika kidole kimoja kimoja akakibiringisha kwenye wino, vyote kumi. Jibu likaja: sina rekodi ya uhalifu. Ndicho cheti cha kwanza kupata tangu KCSE.

Kwa HELB nilikwama. Machi 2020, soko la maua Ulaya lilipoporomoka kwa sababu ya corona, mashamba ya hapa Naivasha yalirudisha wafanyakazi nyumbani. Mama alikuwa mmoja wao. Vyuo navyo vikafungwa. Vilipofunguliwa tulikuwa na madeni ya kodi ya nyumba, na mimi sikurudi. Mkopo wa miaka miwili ulibaki palepale, na ukichelewa kulipa HELB hukutoza faini ya Sh5,000 kila mwezi. Kwenye ripoti hayo yote ni neno moja tu: mdaiwa sugu. Sawa, maneno mawili.

Jamaa wa saiba aliniona nimeinamisha kichwa. "Digrii ni kitu kidogo, buda. Elfu sita, na muhuri juu." Ningependa kuwaambia nilikataa papo hapo. Nililala nikiifikiria. Nilishachagua hadi daraja: second upper, isionekane ya uongo.

Nilichokumbuka asubuhi si dini. Mnamo 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilisema imepata vyeti ghushi zaidi ya 2,000 kati ya watumishi wa serikali, na EACC huwapeleka watu kama hao kortini warudishe mishahara yote waliyokula. Ukaguzi upo kwa sababu watu hudanganya, na mimi nilikuwa usiku mmoja tu kutoka kuwa mmoja wao.

Lakini hapa Karagita pia tunakaguliwa. Mama mboga wa ploti yetu hakupi sukuma kwa mkopo kabla hajauliza majirani. Niliporudi kutoka kampasi na begi, aliniuliza, "Umeacha shule? Kwa nini?" Nikamweleza. Akanifungulia ukurasa kwenye daftari lake, na sijawahi kumkosea hata shilingi. HELB wana deni langu, DCI wana vidole vyangu, lakini hakuna aliyeweka nafasi kwenye fomu ya lile swali la pili.

Kwa hivyo nilijiwekea nafasi. Niliandika: nilisoma miaka miwili, niliacha, nina deni, na sababu ni hii. Kwa jina la tatu nikaweka mama mboga na namba yake. Nikatuma saa kumi na moja jioni, mabasi ya mashamba yakiteremsha watu wa maua kando ya South Lake Road.

Wiki mbili sasa, kimya. Mama mboga anasema simu yake haijaita, na ananiuliza kama niliandika namba vizuri.

Kile cheti cha DCI, mama amekitia kwenye karatasi ya plastiki. Wageni wakija, anakitoa awaonyeshe.