Ndoo za Dagaa na Diski za Seva

Mwalimu wa shule ya msingi ni mtunza orodha. Tangu Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka kila mtoto wa umri wa kusoma awe shuleni ifikapo 1977, kazi ya kuandika majina haijapungua. Ila siku hizi majina mengi yamehamia katika kompyuta. Hapana budi basi mwalimu aelewe jinsi orodha hizo zinavyotunzwa, na aweze kuwaeleza wanafunzi wake. Nakusudia kueleza hapa somo nililolifundisha Guta, Wilaya ya Bunda, kando ya Ghuba ya Speke, katika darasa lisilokuwa na kompyuta hata moja.

Seva ya saraka ni kompyuta inayotunza majina ya watumiaji wa mtandao, nywila zao na mambo wanayoruhusiwa kufanya. Kila anayetaka kuingia, seva huulizwa kwanza kama anajulikana. Diski yenye orodha hiyo ikifa, wote hubaki nje. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza jinsi diski kadhaa za bei nafuu zinavyoweza kushirikiana, ili moja ikifa kazi iendelee. Mipangilio hiyo huitwa RAID. Iko ya namna nyingi, na mtunza seva hana budi kuchagua.

Niliwasimamisha watoto wanne mbele ya darasa. Watatu walishika kadi za ndoo za dagaa zilizoletwa na mitumbwi mitatu: 14, 9 na 21. Wa nne alishika jumla, 44. Nikamtoa nje mwenye 9, nikauliza mtumbwi wake ulileta ndoo ngapi. Darasa lilijumlisha 14 na 21, likatoa katika 44, likapata 9. Hiyo ndiyo RAID 5: diski nne hubeba mzigo wa tatu, na moja ikipotea hurejeshwa kwa hesabu. Kompyuta yenyewe hutumia kanuni ya shufwa na witiri badala ya jumla, na kadi ya hesabu huzungushwa kati ya diski zote. Lakini wazo ni lile lile.

Kisha nikawatoa wawili, mwenye 14 na mwenye 9. Zikabaki 21 na 44. Watoto walijua kwamba waliotoka wana 23 kwa pamoja, lakini hawakuweza kusema kila mmoja ana ngapi. Hapo walitambua mpaka wa njia hii bila kuambiwa.

Hatua ya tatu ilikuwa kusahihisha kadi: 9 iwe 12. Ilibidi kusoma namba ya zamani, kusoma jumla ya zamani, kuandika namba mpya, na kuandika jumla mpya: kazi nne. Mtoto mwenye pacha aliyeshika kadi kama yake angeandika mara mbili tu. Upacha huo ni RAID 1, na jozi kadhaa za pacha zikigawana mzigo huitwa RAID 10. Hasara yake ni kwamba nusu ya diski hutumika kwa nakala.

Uchaguzi basi hutokana na kazi yenyewe. Saraka husomwa mara nyingi na kuandikwa mara chache, kwa hiyo RAID 5 huweza kuifaa, hasa fedha zikiwa haba. Lakini seva huwa pia na daftari la mabadiliko, ambalo huandikwa kila jambo linapobadilika. Hilo lipewe diski zake pacha. Diski inayozunguka ikipewa saraka na daftari kwa pamoja, hufanana na mtoto anayeandika madaftari mawili yaliyo pembe mbili za darasa: muda wake huishia njiani. Diski za kisasa zisizozunguka zimepunguza sana taabu hiyo.

Msisitizo wangu mkubwa darasani ulikuwa kwamba pacha si akiba. Mtoto akiandika namba ya uongo, pacha wake huinakili mara moja. Jina likifutwa kwa bahati mbaya, hufutika kote. Hivyo inatakiwa nakala nyingine iwekwe mbali, na ikiwezekana seva ya pili yenye saraka hiyo hiyo. Vilevile diski iliyokufa ibadilishwe mapema. Katika ofisi moja niliyoifahamu, taa ya tahadhari iliwaka siku nyingi bila kujaliwa. Diski ya pili ilipokufa, majina yaliandikwa upya kutoka madaftari ya karatasi, na yale yasiyokuwamo humo yalitafutwa nyumba kwa nyumba.

Ndugu walimu watarajiwa, jaribuni somo hili wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mahindi, pamba au mayai vyafaa sawa na dagaa. Jambo moja tu msiliharakishe: waacheni watoto wahangaike na kadi mbili zilizopotea mpaka waone wenyewe kwamba hesabu imeshindwa. Baada ya hapo waulizeni ni majina ya nani yaliyo katika kadi hizo. Mtoto ambaye jina lake halimo katika orodha ya watahiniwa hupata taabu ileile, iwe orodha ililiwa na mchwa au ilikufa na diski.